Memori ipo, programu inadai haipo: kutafuta ugonjwa kwenye Macintosh za zamani

Wanaonitafuta kuhusu Macintosh za zamani ni wa aina mbili. Kuna waliorithi mashine iliyokuwa ikipanga kurasa kwenye kiwanda cha uchapishaji, na kuna wenye flopi za jarida la parokia au kitabu cha shule cha mwaka 1993, ambao wanataka kuzifungua kwa emuleta, yaani programu inayoiga mashine hizo kwenye kompyuta ya leo, kama Basilisk II au Mini vMac. Wote hukwama mahali pamoja. Mashine inalalamika kwamba memori haitoshi, nao wanaiona kwa macho yao kwamba ipo tele.

Nilipanga kurasa kwa mashine hizi Dar es Salaam miaka ya tisini. Laiti ningeambiwa mapema kwamba jumla ya memori haikwambii mengi, na kwamba ugomvi karibu wote uko kwenye mgao, yaani memori ambayo kila programu hupewa.

## Kwanza tazama mgao wenyewe

Bofya sehemu tupu ya skrini ili uwe kwenye Finder, programu ya mfumo inayoonyesha diski na faili, kisha fungua menyu ya tufaha iliyo juu kushoto na uchague "About This Macintosh". Kwenye matoleo ya baadaye imeandikwa "About This Computer". Kitafunguka kidirisha chenye jumla ya memori, namba iitwayo "Largest Unused Block", na orodha ya programu zilizo wazi, kila moja na mstari wake. Urefu wa mstari ni memori ambayo programu imepewa. Sehemu iliyokolea rangi ni ile inayotumika kweli.

Usiruke hatua hii. Nimeona watu wakinunua memori mpya kwa tatizo ambalo kidirisha hiki kingelionyesha kwa sekunde tano.

Ili ukisome vizuri inabidi ujue mgao ulitoka wapi. Macintosh ya kwanza, ya Januari 1984, ilikuwa na memori ya K (kilobaiti) 128, na skrini peke yake ilikula karibu K 22 kati ya hizo, maana nukta 512 kwa 342 lazima zikae mahali. Ilitengenezwa kuendesha programu moja kwa wakati. Mwaka 1985 ikaja Switcher, programu ya Andy Hertzfeld, mmoja wa waandishi wa mfumo wa Macintosh, iliyokata memori vipande ili programu kadhaa zikae pamoja. Mwaka 1987 ikaja MultiFinder ya Apple, na mfumo wa System 7 wa mwaka 1991 ikaufanya utaratibu huo kuwa wa kudumu. Lakini wazo la chini halikubadilika: programu inapofunguliwa hupewa kipande kimoja cha memori kisichokatika, na mipaka yake haisogei mpaka uifunge.

Ni kama kupangishwa fremu ya duka. Bidhaa zikikujaa huwezi kuvunja ukuta ukaingia kwa jirani, na fremu yako ikiwa nusu tupu jirani naye hawezi kuweka mzigo wake humo. Atabaki nje analia hana nafasi.

## "Memori haitoshi" katikati ya kazi, na mashine ina memori tupu

Hili ndilo linalojitokeza zaidi. Umefungua ukurasa wenye picha, unataka kuugeuza au kuuhifadhi, programu inakataa. Unatazama kidirisha: "Largest Unused Block" inasema K 6,000. Mstari wa programu yako, hata hivyo, umekolea rangi karibu mwisho mpaka mwisho. Fremu imejaa, hata kama uwanja wa nje ni mtupu.

Dawa yake ni kupanua fremu kabla ya kuingia. Funga programu kabisa. Tafuta faili la programu yenyewe, libofye mara moja tu, kisha kwenye menyu ya "File" chagua "Get Info". Chini utaona visanduku vya memori. Kwenye System 7.0 kuna kiwango kinachopendekezwa na mwenye programu, na kiwango cha sasa unachoweza kukibadilisha. Kuanzia 7.1 kuna cha kupendekezwa, "Minimum size" na "Preferred size". Ongeza hicho cha mwisho, funga kidirisha, fungua programu upya.

Watu hukwama hapa kwa sababu tatu ndogo. Ya kwanza: programu bado iko wazi, kwa hiyo visanduku havikubali kuandikwa. Ya pili: wamebofya njia ya mkato badala ya faili la programu, na njia ya mkato haina visanduku hivyo kabisa. Ya tatu: faili limefungwa kwa alama ya "Locked" kwenye kidirisha hichohicho.

Uongeze kiasi gani? Mimi huongeza K 512 au K 1,024 kwa mara moja, nafanya kazi ileile iliyokataa, halafu natazama mstari tena. Ukiona sehemu iliyokolea inafika theluthi mbili kazi ikiwa nzito kabisa, inatosha. Kuipa programu kila kitu ni kosa la watu wenye haraka, kwa sababu mfumo wenyewe na uchapaji wa nyuma, ule unaoendelea huku ukifanya kazi nyingine, nao wanahitaji mahali pa kupumulia. Photoshop peke yake naiweka kando: picha hutaka memori mara tatu mpaka mara tano ya ukubwa wake, kwa hiyo picha ya megabaiti 4 kwenye mashine ya megabaiti 8 ni kutafuta mateso. Na kisanduku cha "Minimum size" usikishushe chini ya kiwango kinachopendekezwa ili tu programu ikubali kufunguka. Itafunguka, kisha itakufia mikononi ukiwa hujahifadhi.

Wenye emuleta, sikilizeni hapa hasa. Kuipa Basilisk II megabaiti 256 kutoka kwenye kompyuta yako ya leo hakusaidii lolote kama programu iliyo ndani bado imepangiwa K 1,500. Itaendelea kulalamika kama ilivyolalamika mwaka 1992.

Kabla hujaongeza chochote, jaribu pia kitu cha bure. Kama ulinakili picha kubwa muda mfupi uliopita, bado imekaa kwenye ubao wa kunakilia na inakula memori ya programu. Chagua herufi moja, inakili, kisha inakili tena. Picha itaondoka.

## Programu inakataa hata kufunguka

Swali la kwanza: umefunga dirisha au umefunga programu? Kwenye Macintosh hayo ni mambo mawili. Aliyezoea Windows hufunga dirisha la mwisho akadhani kazi imekwisha, kumbe programu bado imekalia kipande chake kizima. Bofya alama iliyo juu kulia kwenye skrini na uone orodha. Zile zisizo na dirisha ndizo hasa za kufunga kwa "Quit".

Ikiwa umezifunga zisizohitajika na bado inakataa, tatizo huenda ni mpangilio wa nafasi. Hebu tulitazame kwa hesabu, kwa sababu bila hesabu halieleweki. Chukua mashine ya megabaiti 8, yaani K 8,192. Mfumo umechukua K 1,900 upande wa chini. Programu hupangwa kuanzia juu zikishuka. Ukafungua ya kuandikia, K 1,000. Ikafuata ya kupanga kurasa, K 2,500. Kisha ya kuchora, K 1,500. Katikati pamebaki K 1,292.

Sasa umemaliza kuandika, ukaifunga ile ya kwanza. Memori iliyo wazi ni K 2,292. Unajaribu kufungua programu inayotaka K 2,000 na inakataliwa. Hesabu inakubali, mashine haikubali. Sababu ni kwamba uwazi huo uko sehemu mbili: K 1,000 juu kabisa, na K 1,292 kati ya mfumo na ile ya kuchora. Hakuna kipande kimoja cha K 2,000, na mashine hii haiwezi kuisogeza programu iliyokwisha kaa.

Wengi huzima na kuwasha upya. Si lazima. Funga ya kuchora, ambayo imepakana na ule uwazi wa chini, na mara moja utapata kipande cha K 2,792. Ukifunga ile ya kupanga kurasa badala yake, utapata K 3,500 huko juu. Vyovyote vile, angalia "Largest Unused Block" inavyoruka unapofunga. Hiyo ndiyo namba ya kuiamini.

Na ukitaka lisirudi, fungua kwanza programu ambayo itakaa wazi mchana kutwa, na za kupita ziwe za mwisho. Kwenye chumba chetu tulikuwa na karatasi imebandikwa ukutani yenye mpangilio wa kufungua programu asubuhi. Wageni walidhani ni ratiba ya usafi.

## Umeongeza memori, nayo imemezwa na "System Software"

Hili nalikumbuka vizuri kuliko yote. Tulikuwa na Macintosh IIci. Mwenye kiwanda akalipia vijiti vinne vya megabaiti 4, tukaviweka pamoja na vinne vya zamani vya megabaiti 1, jumla 20. Fundi akaondoka na pesa yake. Jioni nikafungua kidirisha: jumla megabaiti 20, sawasawa. Lakini mstari wa "System Software" ulikuwa umerefuka kuzidi K 13,000, na kipande kikubwa kilichokuwa wazi hakikufika megabaiti 7. Yule fundi akapigiwa simu usiku, akaitwa mwizi aliyeuza memori bandia.

Hakuwa mwizi. Mashine ilikuwa ikitumia anwani za biti 24.

Prosesa za familia ya 68000 zilianza na anwani za biti 24, yaani nafasi ya megabaiti 16 kwa jumla, na Macintosh iliitenga nusu yake, megabaiti 8, kwa ajili ya RAM, yaani memori hii tunayoizungumzia. Anwani yenyewe huandikwa kwenye biti 32, kwa hiyo biti 8 za juu zilibaki bila kazi. Waliotengeneza mfumo mwaka 1984 walikuwa wakihesabu kila baiti, wakazitumia biti hizo kuweka alama: kipande hiki cha memori kimefungwa kisisogezwe, hiki kinaweza kutupwa nafasi ikibana. Ulikuwa ujanja mzuri kwa mashine ya K 128. Lakini miaka michache baadaye biti zilezile zilihitajika kuwa sehemu ya anwani, zikakutwa zina wapangaji. Memori iliyozidi megabaiti 8 haikuwa na anwani ya kufikiwa, na kidirisha kiliihesabu yote kwa mfumo kwa sababu hakikuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Dawa: menyu ya tufaha, "Control Panels", "Memory", kisha washa "32-Bit Addressing" na uwashe mashine upya. "System Software" itarudi kwenye ukubwa wake wa kawaida. Yule fundi aliombwa radhi, ingawa si na aliyemtukana.

Kama sehemu hiyo haionekani kabisa, angalia ni mashine gani. Mac II, IIx, IIcx na SE/30 zina ROM, chipu ya programu za msingi za mashine, ambayo yenyewe ilitumia zile biti za juu, na zinahitaji programu ya MODE32 ya kampuni ya Connectix, ambayo baadaye Apple ililipia haki yake ikaigawa bure. Mac II ya asili inahitaji pia chipu ya PMMU, inayosimamia anwani za memori. Mashine za mezani za prosesa ya 68000 yenyewe, kama Plus, SE na Classic, zinaishia megabaiti 4, hapo usihangaike. Mini vMac kwa kawaida huiga Plus, kwa hiyo nayo iko hapohapo. Mashine za PowerPC, prosesa iliyokuja baada ya familia ya 68000, hazina jambo hili.

Baada ya kubadilisha, programu fulani ya zamani ikianza kuanguka kila ukiifungua, huenda nayo iliandikwa kwa kuzitegemea biti za juu. Tafuta toleo jipya zaidi, au rudi kwenye biti 24 kwa kazi hiyo tu.

## Mfumo umenenepa ingawa biti 32 zimewashwa

Kuna walaji wa kimyakimya. Washa mashine huku umeshikilia kitufe cha Shift mpaka uone maandishi kwamba "Extensions" zimezimwa, kisha tazama mstari wa mfumo. Ukiwa umepungua sana, mkosaji yuko kwenye vile vijiprogramu vinavyojipakia wakati wa kuwaka, ambavyo aikoni zake hujipanga chini ya skrini. Viondoe nusu, washa, tazama. Rudisha, ondoa nusu nyingine. Kazi ya kuchosha, lakini hutoa jibu.

Usipopungua, fungua "Memory" tena. Memori ya kuharakisha diski, "Disk Cache", Apple ilipendekeza iwe K 32 kwa kila megabaiti 1 ya RAM, yaani K 256 kwa mashine ya megabaiti 8. Nimeikuta imewekwa megabaiti 2 na mtu aliyedhani namba kubwa ni bora. Na baadhi ya mashine zina diski ya kubuni iliyokatwa kutoka kwenye RAM; mtu huijaribu siku moja, akaisahau imewashwa.

## Bomu

Ujumbe wenye picha ya bomu, au kwamba programu imejifunga kwa kosa la aina fulani, huja na namba. Aina ya 1, 2 na 3 ni programu iliyogusa anwani isiyokuwapo, iliyosoma mahali pasipofaa, au iliyokuta amri isiyoeleweka. Namba hizo hazimtaji mkosaji. Aina ya 25 inasema wazi kwamba memori imekwisha. Aina ya 28 ni rafu ya programu, yaani yale mahesabu ya muda yanayoshuka kutoka juu ya kipande chake, imegongana na vitu vilivyorundikwa kutoka chini. Kwa 25 na 28 dawa ni ileile ya "Get Info".

Kwa hizo tatu za mwanzo nawe jaribu kupanua kwanza, kwa sababu programu nyingi za wakati ule hazikuandikwa vizuri kwa hali ya memori kuisha: zinaomba, zinanyimwa, zinaendelea kana kwamba zimepewa. Na hapa mfano wangu wa fremu unapwaya, maana hapakuwa na ukuta wowote kati ya programu na programu. Ulikuwa mstari wa chaki. Programu ikipotea njia inaweza kuandika ndani ya kipande cha jirani, na wa kuanguka akawa jirani, dakika kumi baadaye. Ukuta wa kweli ulikuja na Mac OS X mwaka 2001. Kwa hiyo baada ya bomu lolote hifadhi kazi zilizobaki, funga zote, washa upya, hata kama mashine inaonekana mzima.

## Inachapa nusu, kisha kimya

Uchapaji wa nyuma unafanywa na programu tofauti iitwayo PrintMonitor, iliyo kwenye folda ya "Extensions", nayo ina kipande chake kidogo. Ukurasa mzito hauingii. Iongezee kwa "Get Info" kama nyingine yoyote, au zima uchapaji wa nyuma ukasubiri ukurasa utoke.

## Umewasha memori ya diski, mashine inatambaa

"Virtual Memory" hutumia diski kana kwamba ni RAM, na inahitaji prosesa ya 68030 au zaidi, au 68020 yenye PMMU. Faili lake kwenye diski ni kubwa kama memori yote unayotaka kuonyesha, si nyongeza peke yake. Ukizidisha mara mbili ya RAM ya kweli utasikia diski ikikwaruza mchana kutwa. Ukifanya kazi na Photoshop izime, kwa kuwa Photoshop ina faili lake la kubadilishana kwenye diski na hizo mbili hupigana. Kwenye PowerPC ni kinyume: ukiiwasha hata kwa megabaiti 1 tu ya nyongeza, programu zilizoandikwa kwa ajili ya prosesa hiyo huhitaji memori pungufu, na "Get Info" yenyewe hukuambia kiasi gani.

## Ulirekebisha jana, leo imerudi

Ukiwasha asubuhi ukakuta biti 24 zimerudi na "System Software" imenenepa tena, tazama saa ya mashine. Ikisoma mwaka 1904 au 1956, betri ya ndani imekufa, na mipangilio ya "Memory" imepotea pamoja na tarehe. Vivyo hivyo hutokea mtu akifuta PRAM, memori ndogo inayotunza mipangilio, kwa vitufe vya Command, Option, P na R wakati wa kuwasha.

IIci inatumia betri ya lithiamu ya volti 3.6, nusu ya urefu wa betri ndogo ya redio. Hata kama huna mpya, ya zamani itoe leo. Betri hizo zikizeeka hutoa maji yanayokula shaba ya bodi, na niliwahi kufungua mashine iliyokaa stoo nikakuta nafasi nne za memori zimeliwa mpaka vijiti havitoki.